Sikuposwa kwa Baiskeli

Nilimuaga mama kwamba nakwenda Keko kwa shangazi, nikajitupia baibui, nikatoka. Sikwenda Keko. Nilishika njia ya mchanga inayopita kwenye mikorosho, moja kwa moja mpaka kiwanja cha watu wa reli, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akaniuliza, "Vipi bibie, nani kakuudhi?" Nikamjibu, "Wanaume wawili," nikapita.

Wa kwanza ni baba yangu, Mzee Kondo, muuza nazi wa Temeke. Wa pili ni Mfaume, fundi wa karakana ya reli, ambaye nilikuwa nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele za watu. Wiki tatu nzima Mfaume hakuonekana. Hakupita mbele ya nyumba yetu akajifanya anauliza bei ya nazi, hakunitumia salamu, hakukohoa nyuma ya ua wa makuti kama ilivyokuwa kawaida yake. Halafu asubuhi ile nakwenda bombani, wenzangu wananicheka.

"Sikudhani, mchumba wako anafundishwa baiskeli za mashindano! Akishinda Jumamosi anakuchukua, akishindwa basi tena."

Ndoo yangu ilikuwa haijafika nusu. Niliiacha pale pale bombani, mpaka leo sijui nani aliichukua.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha nyasi, wamekizungushia mstari wa chokaa mfano wa yai. Vijana kama watano walikuwa wanazunguka na baiskeli zilizoinamisha usukani chini, migongo imepinda, hawasemi na mtu. Katikati amesimama mzee wa Kigoa mwenye kofia ya jua na saa mkononi, anapiga kelele. Huyo ndiye Bwana Gaspar, karani wa tikiti, ambaye watu walisema ujana wake wote aliumalizia kwenye mbio hizo.

"Zungusha! Zungusha miguu, Mfaume! Hii si baiskeli ya kwendea sokoni! Breki haina! Gurudumu likienda na miguu inakwenda, utake usitake. Ukiiacha miguu tu, inakutupa!"

Nikamwona. Amevaa singlendi na kaptura ya kaki, magoti yote mawili yamepakwa dawa ya kidonda, jasho linamtiririka. Lo, moyo wangu huo! Nimekwenda kugomba, na moyo unaruka kama wa mtoto aliyeona mwezi wa Idi. Nikaukemea. Nikajaza pumzi.

"Mfaume!"

Aligeuza shingo, na alipoona ni mie akafanya lile lile alilokatazwa. Miguu ikasimama. Baiskeli ikamrusha mbele akapiga mwereka wa haja, akaburuzika kwenye nyasi mpaka kwenye mstari wa chokaa, karibu na miguu yangu.

Nilitaka kumkimbilia. Nilitaka kumfuta mchanga uliomganda kwenye nyusi. Badala yake nikaweka mikono kiunoni.

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Vizuri."

Akainuka, akajikung'uta, akaniangalia. Macho yake Mfaume yalikuwa mapole, hata ukimtukana yanakuangalia kama yanakushukuru, na siku ile nilitamani yawe macho mengine ili nipate kugomba kwa raha.

"Siku," akasema kwa sauti ya chini, "hapa si mahali pako. Watu wanaangalia."

"Ala! Na mashindanoni ndipo mahali pangu?"

"Nani kakwambia?"

"Bomba zima limeniambia! Temeke nzima inajua, isipokuwa mie niliyewekwa mashindanoni kama mbuzi wa sikukuu!"

Bwana Gaspar akatazama saa yake. "Binti, huyu ana siku mbili tu za kujifunza. Ugomvi hauwezi kungoja?"

"Haungoji, Bwana Gaspar. Shikamoo."

"Marahaba," akasema mzee wa watu, akaenda zake upande wa pili wa kiwanja.

Nieleze kidogo, msije mkadhani nilikuwa nagomba bila sababu. Wiki tatu nyuma mshenga wa Mfaume alikuja kwetu na barua ya posa ndani ya leso nyeupe, kama ilivyo ada. Sasa, baba ni Mzaramo. Mfaume na mshenga wake ni Wanyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana watatukanana, watanyang'anyana kofia, hata msibani watachekana, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Yule mshenga alikuja na baiskeli ya kuazima, akaanguka nayo mlangoni petu. Mzaha ukapata pa kushika. "Mnyamwezi hata kuendesha hajui, halafu anataka kuoa!" baba akasema. Mshenga naye akarudisha ya kwake, kwamba Wazaramo wakiona baiskeli huipigia ngoma. Baraza likaangua kicheko. Kicheko juu ya kicheko, mpaka baba akatamka huku anafuta machozi kwamba siku mtani wake atakaposhinda mbio za baiskeli za watu wa reli, siku hiyo aje amchukue mwali bila hata kubisha hodi. Mshenga akacheka, akaondoka. Barua hakuna aliyeifungua. Mie nilikuwa nyuma ya pazia nimejipaka wanja, nasikia kila neno.

"Lile neno lilikuwa utani, Mfaume," nikamwambia. "Mtu mzima unajifundisha kuanguka kwa ajili ya utani?"

"Najua lilikuwa utani."

"Unajua?"

"Sikiliza kwanza. Baba yako ni mtani wangu. Nikimpelekea mshenga wa pili, atamcheka. Wa tatu, atamcheka. Nikienda mwenyewe nikalia mbele yake, atasema Mnyamwezi anaangua machozi kama mvua ya masika, na watu watacheka. Kwa mtani hakuna mlango wa maneno ya kweli. Nikaona njia ni moja tu. Alichokisema kwa mzaha nikifanye kweli kweli, akose pa kuchekea."

Maneno yalikuwa na akili, siwezi kukataa. Ndiyo yakanizidishia hasira.

"Na mie ulinishirikisha lini katika akili hizo?"

Akajifuta jasho kwa kiganja.

"Wiki tatu, Mfaume! Wiki tatu nalala naamka, nasema kachukizwa, kaumwa, kapata mwingine. Kumbe uko hapa unazunguka chokaa!"

"Niliona aibu. Sikutaka unione naanguka. Nilitaka unione siku nimeshajua." Akashusha macho. "Na sasa maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga."

"Na mie ndiye maji?"

"Siku, nisikilize..."

"Sikusikilizi! Unajua Jumapili kuna nini kwetu?"

Hakujua. Nikamwambia. Bwana Hashil, mwenye duka la mchele pale njia panda, ameleta barua yake, na hiyo baba aliifungua na kuisoma. Bwana Hashil ni mtu mzima, mpole, kafiwa na mkewe, nyumba yake ni ya bati na iko hatua mia kutoka kwetu. Hana ubaya hata mmoja. Kosa lake ni kwamba si Mfaume. Jumapili saa nne wazee wake wanakuja kuchukua jibu.

Mfaume alipauka. Nikasema sasa atanishika mkono, sasa atasema neno, na Mungu anisamehe, angenishika mkono pale pale mbele ya Bwana Gaspar na watu wote nisingemkataza. Basi unajua alifanya nini? Aligeuka akaiangalia baiskeli.

"Jumapili," akasema. "Na mbio ni Jumamosi. Nina siku mbili."

"Unaangalia baiskeli?"

"Nitashinda, Siku."

"Nakwambia naolewa, wewe unaangalia baiskeli!"

"Kona tu ndizo zinanisumbua. Bwana Gaspar anasema naziogopa, ndiyo maana miguu inalegea. Nikizishika kona..."

"Na ukishindwa?"

"Sitashindwa."

"Nimekuuliza, ukishindwa!"

Aliinama akaishika baiskeli. Nilingoja mpaka nikachoka kungoja, nikavuta baibui yangu nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia Bwana Gaspar akisema, "Haya, panda, panda, nakushikia kiti."

Nyumbani nilimkuta baba uani anafua nazi, amekaa kwenye kigoda, kila nazi anaipiga kwenye kifuo mara tatu, makumbi yanatoka. Mama yuko jikoni. Nilimwamkia baba, akaitika. Sikukaa.

"Baba, barua ya Mfaume uliisoma?"

"Mfaume yupi?" Macho yake yalishaanza kucheka. "Yule Mnyamwezi anayekula nyasi za kiwanja? Nasikia kila siku anaanguka mara saba. Jumamosi nitakwenda na mkeka, nikae vizuri nimwone."

"Nimeuliza barua, baba."

"We mtoto, mtani hanuniwi."

"Mtani ni wako, si wangu. Mie yule aliniposa. Alileta mshenga na leso kama wanaume wengine wanavyoleta, na wewe ukamcheka mpaka akatoka. Bwana Hashil mbona hukumcheka?"

Baba akaacha kufua. "Sauti hiyo unampandishia nani?"

"Ungemwambia hapana ningelia nikanyamaza. Lakini hukumwambia hapana wala ndiyo! Umenitupa kwenye mchezo wa baiskeli, wasichana bombani wananipigia vigelegele vya kebehi, na wewe unataka kwenda na mkeka!"

"Sikudhani!" Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Ndivyo unavyosema na baba yako? Ingia ndani! Ingia!"

Akanisukuma mpaka chumbani, akafunga mlango, akanifinya mkono mpaka nikaruka. Halafu akakaa kitandani, na hasira yake ikaisha papo hapo. Mama yangu hasira yake haidumu hata muda wa kuchemsha chai.

"Baba yako hamchukii yule kijana," akasema polepole. "Anaiogopa Tabora."

"Tabora imemfanya nini?"

"Alikuwa na dada yake, Mwanaidi, wakipendana sana. Akaolewa na Mnyamwezi kama huyo huyo, akapanda treni. Mama yao alipokufa, Mwanaidi hakuwahi. Alipokufa Mwanaidi mwenyewe, baba yako alipata habari baada ya miezi miwili. Tangu hapo ukimtajia Tabora anacheka. Hulioni hilo? Mtani huwezi kumwambia hapana ukamtazama usoni. Unamcheka, anaondoka mwenyewe."

"Basi angesema."

"Wanaume husema?"

"Na mie nife kwa ajili ya yale wanaume wasiyosema?"

"Hufi, mwanangu. Bwana Hashil ni mtu mwema."

Nikageukia ukuta. Nilimhurumia baba, nisiseme uongo, lakini huruma na hasira vilikaa kifuani pamoja na wala hakuna kilichompisha mwenzake.

Jumamosi kiwanja kilijaa. Wakubwa wa reli walikuwa kivulini kwenye viti, sie wengine nje ya kamba, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Baba alikwenda kweli, tena na mkeka, na wazee wenzake wawili. Mie nilisimama na mama. Sikulala usiku ule na macho yalikuwa yananichoma.

Mbio za wanaoanza zilikuwa duru nane, watu sita. Bwana Gaspar alimshikia Mfaume kiti cha baiskeli, akamsogelea sikioni akamwambia kitu, bunduki ikalia, akamsukuma.

Nilikuwa nimeapa sitaangalia. Duru ya kwanza nikaangalia kidogo. Ya pili nikataka kuivuka kamba, mama akanivuta baibui. Mfaume alikuwa wa nne, kisha wa tatu. Wawili walianguka pamoja kwenye kona ya mbali, watu wakapiga ukelele. Yeye hakuanguka. Kila akiikaribia kona nilikuwa nasema kimoyomoyo, zungusha, zungusha, kumbe nasema kwa sauti, maana mama aliniambia, "Haya basi, atazungusha, niachie mkono."

Duru ya saba alikuwa wa pili. Duru ya nane aliyeongoza alikuwa mbele yake urefu wa baiskeli moja tu, na mie sikuwa na hasira tena na mtu yeyote duniani. Kona ya mwisho ikafika. Nikaona mabega yake yanakakamaa. Hakuacha miguu, lakini akaipunguza. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Yule wa mbele akamwacha, na wa nyuma akampita.

Akamaliza wa tatu.

Kwa mtu aliyejifunza wiki tatu ni kitu kikubwa, na Bwana Gaspar alikuwa anarukaruka na kofia yake kwa furaha. Lakini baba alishasimama juu ya mkeka. "Mtani!" akaita kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima. "Mtani wangu, jasho lote hilo la bure? Rudi ukabebe mizigo!" Wazee wakacheka, watu wakacheka. Nikamwangalia baba vizuri. Mdomo ulikuwa unacheka, lakini mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia. Alikuwa amepona.

Mfaume akaja upande wetu anakokota baiskeli. Pumzi haijamrudia. Alimwamkia mama, kisha akaniangalia, akatazama chini.

"Nimeshindwa, Siku."

"Nimeona."

"Neno ni neno. Nilijiapia mwenyewe kwamba nikishindwa sitakusumbua. Bwana Hashil ni mtu wa heshima. Nakutakia heri."

Masikio yangu yaliziba. Nilidhani nimesikia vibaya, na mama naye, aliyekuwa amejiandaa kunizuia nisilie, akabaki mdomo wazi.

"Rudia," nikasema.

"Neno ni..."

"Neno la nani? Mie nilisema neno gani? Lini? Niambie siku, niambie saa! Baba kasema lake kwa mzaha, wewe umelishika kama Msahafu, mmechezeana weee, mmoja kashinda mmoja kashindwa, na mie ndiye ninayelipa! Wiki tatu umeangukaanguka umechubuka magoti, ukashindwa kunijia hata mara moja ukaniuliza, Sikudhani, unataka tufanyeje? Uliomba mbio, Mfaume. Mie hukuniomba!"

"Siku, watu..."

"Waone! Hukunipenda wewe, ulimpenda mtani wako! Ulitaka yeye ndiye akusifu! Leo kakucheka, basi umechoka, unanigawa kwa heri na baraka. Thubutu! Sikuwa wako hata unigawe!"

Machozi yalishanitoka lakini hayakuwa ya huzuni, na hilo nilitaka alijue. Nilimsogelea mpaka nikaona vumbi kwenye kope zake.

"Kesho saa nne," nikamwambia. "Unajua nyumba ilipo. Ukija, uje kama mtu. Usipokuja, nikikutana nawe njiani nitavuka upande wa pili maisha yangu yote."

Mama akanifunika baibui vizuri, akanishika bega, tukaondoka. Sikugeuka nyuma, ingawa shingo yote ilikuwa inaniuma kwa kutaka kugeuka.

Jumapili saa nne kasoro, wazee wa Bwana Hashil walikuwa wameshakaa barazani, wanne, kanzu safi, na harufu ya udi ilifika mpaka chumbani. Mie nimekaa kitandani, nimevalishwa kanga mpya, shangazi wa Keko kakaa mbele yangu. Yeye ndiye wa kuniuliza. Mnaijua ada yetu. Mwali huulizwa mara tatu, na mwali hajibu. Anainamisha kichwa, ananyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake.

"Sikudhani binti Kondo," shangazi akaanza kwa sauti ya kuimbaimba, "Bwana Hashil amekuposa. Umeridhika?"

"Hapana."

Shangazi akaruka. "Yarabi! We mtoto, hujui ada? Unyamaze!"

"Niulize tena."

"Umeridhika?" aliuliza kwa kunong'ona, ananikodolea macho.

"Hapana!" Safari hii sikumsemea shangazi. Niliusemea ukuta, na ng'ambo ya ukuta ni baraza. Vikombe vya kahawa vikaacha kugongana. "Bwana Hashil ni mtu mwema na Mungu atampa aliye mwema kuliko mie. Lakini mie hapana!"

Halafu nikasikia kigoda kimesukumwa, na hatua za baba zinakuja. Aliingia bila kubisha. Nilimwogopa, nisijisifu. Sikuwahi kumwona baba yangu na uso ule.

"Umenivua nguo mbele ya wageni."

"Na wewe ulinivua mbele ya mji, baba."

Akanyanyua mkono. Mama akapiga yowe mlangoni. Mkono ukabaki juu, na kabla haujashuka, nje kukasikika sauti.

"Hodi wenyewe! Shikamooni wazee."

Tulimjua sote. Mmoja wa wazee kule barazani, aliyekuwepo jana kiwanjani, akajaribu kuokoa mambo kwa kicheko. "Karibu mtani! Leo umekuja na gari moshi au na punda?"

"Leo sitanii," akasema Mfaume. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikukatika. "Mkitaka kunitoza faini ya kununa kwa watani, nitozeni, nitalipa. Sina mshenga, sina leso, najua nimevunja ada. Mzee Kondo, najua unanisikia. Nilishindana na mzaha wako kwa sababu niliogopa kukuuliza kweli. Nilimkosea Sikudhani kuliko nilivyokukosea wewe, na yeye nitamwomba radhi mpaka achoke. Sasa nakuuliza kama mtu na mtu. Namtaka binti yako. Ukinicheka nitakaa hapa hapa. Ukinifukuza nitaondoka. Lakini unijibu."

Nilimtazama baba. Mdomo wake ulianza kujikunja upande kwa mazoea, nikajua kinakuja kicheko. Hakikuja. Mkono ukashuka, akakaa kitandani pembeni yangu, mahali alipokuwa akikaa nilipokuwa mdogo naumwa homa.

"Tabora ni mbali," akasema. Basi, hilo tu. Miaka yote ile nadhani ndiyo mara ya kwanza kulitoa.

Nilitaka kumwambia kwamba treni zimekuwa nyingi, kwamba Mfaume kazi yake iko hapa hapa, kwamba mie si shangazi Mwanaidi. Lakini hakuwa amenijia kutaka maneno.

Akajifuta uso kwa kanzu. "Haya. Mie mwenyewe nakuuliza. Huyu aliyesimama nje. Umeridhika naye?"

Mama alinikazia macho, shangazi akashika kifua, na barazani hapakuwa na mtu aliyevuta pumzi, maana wote walishajua kwamba mdomo wangu hauna mlango.

Nikainamisha kichwa.

Baba akangoja. Akauliza mara ya pili. Nikang'ang'ania pindo la kanga mpaka vidole vikaniuma, machozi yananidondoka mapajani, na sikusema neno. Akauliza mara ya tatu, taratibu, karibu na sikio langu, kama mtu anayeomba ajibiwe tofauti.

Nilinyamaza kimya.

Baba yangu akanishika kichwa kwa mkono wake wote, akakaa nacho hivyo kidogo. Kisha akainuka, akaenda barazani kuwaomba radhi wageni.